Kabla Hujailaumu Netwaki ya Garissa

Hapa Waberi kuna neno moja linalozima kila mjadala: netwaki. Pesa zikichelewa kuingia kwenye simu, ni netwaki. Mtoto akikosa kuona matokeo ya mtihani wake, ni netwaki. Ukienda ofisini ukaambiwa mfumo umelala, rudi Jumatatu, huulizi umelazwa na nini. Unakunja karatasi zako na kurudi nyumbani kwa jua lile lile ulilokuja nalo. Kwa miezi miwili neno hilo liliwanyima watoto wa shule moja ya mtaa wetu vishikwambi ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote. Naomba nieleze mambo yalivyokwenda, maana naamini kosa la aina hiyo limefungiwa stoo katika shule nyingi kutoka hapa hadi Mandera, na wenye funguo hawajui.

Vishikwambi vyenyewe vilikuja kwa msaada, kumi na vitano, vikiwa vimeshatumika ng'ambo. Ni vya inchi kumi, vina kibodi ya kuchomoa na kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Vilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine yenye chini ya gigabaiti nne. Mpwa wangu, kijana anayesomea kompyuta hapa mjini, akajitolea kuvifuta na kuviwekea Linux, mfumo wa bure usiohitaji mashine yenye nguvu nyingi. Alimaliza kumi na vinne kwa wikendi mbili. Vikawa vinawaka upesi, watoto wanaandika, wanachora, wanafanya hesabu. Mwalimu mkuu akamshukuru mbele ya wazazi. Jumatatu iliyofuata walimu wakajaribu kuviunganisha na waifai ya shule.

Ukisimama mlangoni pa ofisi, pale ruta ilipofungwa ukutani, kishikwambi kililiona jina la mtandao. Ukipiga hatua ishirini kuelekea darasa la nne, jina lilitoweka. Na hata ukibaki pale pale mlangoni, baada ya dakika tatu au nne muunganisho ulikatika, wala haukurudi mpaka ukizime kifaa na kukiwasha upya. Uamuzi ulitolewa siku hiyo hiyo: netwaki. Vikarudishwa kwenye maboksi.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi jioni, mpwa wangu aliniletea kimoja, amekifunga kwa shuka. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, kila mmoja kwa mwenzake.

"Abti, mwalimu mkuu anasema ni netwaki," aliniambia. "Fundi wa Suq Mugdi naye anasema joto la Garissa limeua chipu, lazima iwekwe nyingine."

"Na wewe unasemaje, abti?"

"Mimi sijui."

"Basi tuanzie hapo."

Nilitengeneza redio za watu kwa miaka mingi kabla sijashika kalamu, na waifai ni redio. Redio ikikoroma, fundi anayejiheshimu hakimbilii bisibisi. Kwanza anaweka redio nyingine pale pale, kwenye stesheni ile ile, asikilize. Tukaenda shuleni Ijumaa asubuhi tukafanya hivyo hivyo: simu yangu ya bei ya chini na kishikwambi, dawati moja, ruta moja, nywila moja. Simu ilifungua ukurasa papo hapo. Kishikwambi kilihangaika.

Jaribio lile halikuhitaji cheti wala shilingi, na lilichukua chini ya dakika tano. Miezi miwili hakuna aliyelifanya. Simlaumu mwalimu mkuu, kwa kuwa ana sababu za kuamini alichoamini. Milingoti ya simu imelipuliwa na al-Shabaab mara nyingi Garissa, Wajir na Mandera, na maeneo mazima yakakaa kimya kwa siku au wiki. Mwaka 2017 Tume ya Uchaguzi yenyewe ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya vituo zaidi ya 40,000 vya kupigia kura havikufikiwa na mtandao wa 3G. Mtu aliyeishi hivyo anazoea. Tatizo ni kwamba mazoea hayo yamekuwa blanketi: tunafunika kwayo hata makosa ambayo yangerekebishwa mchana mmoja, na wale wanaotuuzia vifaa wanalala raha chini ya blanketi hilo hilo.

Tukapima. Nguvu ya mawimbi ya waifai huandikwa kwa namba hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyosikika vizuri. Simu ilisoma −42. Kishikwambi, ubavuni mwa simu, kilisoma −79. Kila unaposhuka 10, nguvu imegawanywa kwa kumi, kwa hiyo tofauti ile ya 37 ina maana kwamba kishikwambi kilikuwa kinapata sehemu moja tu kati ya elfu tano ya kile ilichopata simu. Huo si udhaifu. Huo ni uziwi.

Likabaki neno la fundi kuhusu joto. Garissa ni mji wa joto kweli, na vifaa vingi vimekufa kwa jua letu, hivyo sikulidharau. Tulikiacha kishikwambi kimezimwa usiku kucha, tukakiwasha baada ya swala ya alfajiri, hewa ingali na ubaridi wa mto Tana. Kwa Kisomali jina la mtaa wetu maana yake ndiyo hiyo hiyo, alfajiri, na ndiyo saa pekee ambapo mtu anaweza kuliondolea joto lawama. Kilisoma −80. Joto likatoka kwenye orodha ya washtakiwa.

Hapo mpwa wangu akakumbuka kwamba kishikwambi cha kumi na tano hakuwahi kukifuta. Kilikuwa bado na Windows yake. Tukakiomba ofisini, tukakiweka kwenye dawati lile lile. −45. Aina ile ile, chipu ile ile, antena ile ile, na kinasikia vizuri kabisa. Nilimwona kijana akinywea. Alikuwa ameelewa kabla yangu: mtandao ni mzima, chipu ni nzima, na kosa limo katika kile alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe, kile alichoshukuriwa nacho mbele ya wazazi. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti, akafungua kishikwambi. Kwa macho yangu, hapo ndipo alipoanza ufundi.

Katikati ya mfumo na chipu ya redio hukaa programu ndogo inayoitwa draiva, au kiendeshi kwa wanaopenda Kiswahili kilichonyooka. Kazi yake ni ile ya mkalimani wa mahakama yetu: hakimu hasemi lugha ya shahidi, shahidi hasemi lugha ya hakimu, na mkalimani akikosea neno moja mtu anafungwa bure. Linux huandika katika daftari lake kila jambo linalotokea tangu kifaa kinapowashwa, na daftari hilo husomwa kwa amri ya herufi tano, dmesg. Mpwa wangu aliliita, kioo kizima kikajaa mistari myeupe, akaanza kushuka nayo kwa kidole. Mistari mia kadhaa chini akasimama. Draiva ya waifai ilikuwa imeandika kwamba imetafuta faili lenye jina la kishikwambi chetu, ikashindwa kwa kosa namba −2. Katika Linux, −2 ina maana moja tu: faili hilo halipo. Mstari uliofuata ulionyesha kwamba ilichukua faili la jumla badala yake, ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Faili lenyewe ni maandishi matupu, mistari isiyozidi mia mbili. Ndani yake mna vipimo ambavyo kiwanda hufanya kwa kila aina ya ubao: antena ina nguvu kiasi gani, kila chaneli ipewe umeme kiasi gani, kioo kinachopiga mapigo ya redio kinapiga mangapi kwa sekunde, na herufi za nchi ambamo redio inaruhusiwa kusema. Chipu moja huwekwa katika vishikwambi vya aina nyingi, na kila aina ina antena yake na waya zake. Kuipa chipu vipimo vya ubao mwingine ni kama kumvalisha mtoto miwani ya babu yake. Ataona, lakini atajikwaa.

Basi vipimo vyetu vilikuwa wapi? Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Vilikuwa ndani ya kishikwambi chenyewe. Katika vifaa vya aina hii watengenezaji mara nyingi huhifadhi nakala ya vipimo katika kumbukumbu ya kuwashia, ile isiyofutika hata ukiifuta diski yote. Draiva inajua kuisoma nakala hiyo, ila huiendea mwisho kabisa, pale inapokosa faili lolote jingine. Kwa kuwa faili la jumla lilikuwepo, lilimzibia mwenye mali mlango. Kijana alinakili vipimo kutoka kwenye kumbukumbu ile, akavihifadhi kwa jina ambalo draiva ilikuwa ikiliita, akaiondoa draiva na kuirudisha. Tukapima.

−46.

Mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na chaki mkononi, alitamka alhamdulillahi kwa sauti. Nami nikamshika mpwa wangu mkono, kwa sababu alikuwa tayari anataka kurekebisha na lile tatizo la kukatika katika pumzi moja. Katika kazi hii ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi lililotibu, na siku ugonjwa ukirudi utakuwa mgeni kwake. Tukaacha kwanza, tukahesabu. Bado kiliendelea kukatika baada ya dakika tatu au nne. Kwa hiyo yalikuwa magonjwa mawili, si moja.

La pili lilikuwa usingizi. Ili kutunza betri, redio ya waifai hulala na kuamka mara nyingi kwa sekunde, ikisikiliza mwito wa ruta, ambao kwa kawaida hutolewa karibu mara kumi kila sekunde. Draiva nyingine haziamki kwa wakati. Ruta inaita, haijibiwi, mwishowe inamfuta mgeni wake. Tulizima usingizi huo kwa amri moja, tukakiacha kishikwambi kikiigongea ruta mlango mara moja kila sekunde kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tuliichagua ruta kwa makusudi, hatukutaka tovuti ya mbali, ili mtandao wa nje usipate nafasi ya kulaumiwa. Ilikuwa mibisho 28,800. Iliyokosa jibu ilikuwa 11. Gharama yake ni kwamba betri sasa inakwisha mapema kidogo, na tumewaambia walimu hivyo bila kuficha.

Najua msomaji mmoja anasema: nchi hii yetu ina ukame, ina visima vilivyokauka, ina barabara zisizopitika wakati wa mvua, na wewe umejaza ukurasa kwa usingizi wa redio? Namjibu kwa habari ya walimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa hapa Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Kuna madarasa yaliyobaki na watoto na ubao. Mahali ambapo mwalimu mmoja anabeba madarasa matatu, kifaa chenye masomo ndani yake hakiwezi kuitwa anasa.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu mpango wa serikali wa kusoma kidijitali. Ahadi ilianza mwaka 2013 kwa laptopu za darasa la kwanza, zabuni ya kwanza ikavunjika, kisha mwaka 2016 ukaanza ugawaji wa vishikwambi vilivyopitia Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao wa nje. Zaidi ya vifaa milioni moja viliingia katika shule za msingi za umma. Pamoja navyo shule zilipewa projekta na seva ya masomo ambayo papo hapo ni ruta. Maana yake masomo yamo ndani ya ua wa shule. Mtoto hahitaji intaneti wala mlingoti wowote kuyafikia, anahitaji tu waifai ya kifaa chake ifike mita chache. Shule ikikwama hapo, kuilaumu netwaki ya Kaskazini Mashariki ni kulaumu mvua kwa mtungi uliotoboka. Huko kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka hapa, wakfu wa Vodafone na shirika la UNHCR walijenga madarasa yao kwa fikra hiyo hiyo: vishikwambi, betri, na ruta inayolisha chumba kimoja. Kiungo chembamba kuliko vyote katika mipango hii ni hizo mita chache kati ya ruta na dawati, na ndicho kisichokuwa na mtu wa kukiangalia.

Tuliweza kukiangalia kwa sababu mfumo ulikuwa wazi. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, mwaka ule ule kambi za Dadaab zilipofunguliwa, na leo kimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa Suq Mugdi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma draiva yake mstari kwa mstari. Uwazi huo haukuja kwa hisani tu. Kwa miaka mingi watengenezaji wa chipu za waifai walificha maelezo yao, na watu wa Linux wakalazimika kuzichunguza draiva za Windows ili kukisia chipu inataka nini. Broadcom, mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo, ilifungua draiva yake ya Linux kwa chipu zake mpya Septemba 2010 tu. Lakini vipimo vya kila ubao bado viko kwa aliyeunda kifaa, na yeye hana sababu ya kuvitoa asipoombwa.

Hapo ndipo nina neno na wanaonunua kwa pesa zetu, iwe wizara, kaunti au mfuko wa maeneo bunge. Mkataba wa vifaa vya shule unataja ukubwa wa kioo, uzito, na muda wa dhamana. Andikeni humo pia jina la chipu ya waifai, na mdai faili la vipimo likabidhiwe pamoja na risiti. Ni kurasa tatu za maandishi. Halimgharimu muuzaji kitu. Na kabla malipo hayajatoka, kifaa kimoja kipelekwe hadi dawati la mwisho la darasa la mbali zaidi, kipimwe pale, na namba iandikwe. Nimeona vifaa vikipokelewa kwa hotuba na utepe, vikiwa vingali katika karatasi zake. Sijaona vikipokelewa kwa kipimo.

Na wale wanaotoa misaada, tunawashukuru, lakini kifaa kilichofikia mwisho wa kuhudumiwa kinapoletwa kwetu bila vipimo vyake ni mzigo tunaosaidiwa kuubeba kutoka stoo yenu kwenda stoo yetu.

Kwa wakuu wa shule nina ombi dogo zaidi. Kabla hujaandika kwamba kifaa kimeharibika, weka simu kando yake, kwenye ruta ile ile. Simu ikishindwa nayo, laumu netwaki na Mungu akusaidie. Simu ikifaulu, mwite kijana wa chuo, na umwache akae na daftari la mashine kwa siku moja bila kuharakishwa. Vijana hao wapo. Mji huu una chuo kikuu na vyuo vya ufundi, na wengi wanaohitimu wanakwenda kusubiri kazi Islii huku kazi ikiwasubiri kwenye maboksi hapa nyumbani.

Mpwa wangu ameandika ripoti ya mambo yote mawili: aina ya kishikwambi, toleo la Linux, daftari kabla na baada, namba zote tulizopima. Ameipeleka kwa wanaoitunza draiva ile, ili mtu wa Kisangani au Salalah mwenye kishikwambi kama chetu asipoteze miezi miwili. Alipofika mahali pa kutaja alikofanyia majaribio, aliandika Waberi, Garissa.

Vishikwambi kumi na vitatu kati ya kumi na vinne vilipona kwa faili lile na kwa kuzimiwa usingizi. Cha kumi na nne kilibaki kwenye −78 hata baada ya yote. Tulikipeleka kwa yule yule fundi wa Suq Mugdi, akakifungua, akatuonyesha kichwa cha waya wa antena kimechomoka kwenye ubao. Alikirudisha kwa kibano, akakataa kulipwa.